Habari, Taarifa na Utata: Uhakiki wa Istilahi za Kupimia Mageuko ya Viumbe

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazotufikia mara kwa mara sisi tunaoshughulika na istilahi ni kusoma miswada ya vitabu vya sayansi kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Mswada mmoja wa aina hiyo ulikuwa wa kijitabu cha elimu ya urithi, kilichokusudiwa wanafunzi wa sekondari na wahudumu wa afya. Tuliusoma, tukasahihisha tahajia na upatanisho wa ngeli, tukaurudisha kwa wenyewe. Ndani yake zilikuwamo sentensi mbili ambazo wakati ule hazikutushtua hata kidogo. Ya kwanza ilisema: "Kadiri viumbe wanavyoendelea ndivyo habari zilizomo katika seli zao zinavyozidi, na utata wao vilevile, binadamu ndiye mwenye habari nyingi kuliko viumbe wote." Ya pili ilisema: "Mtoto mwenye selimundu amerithi habari mbovu kutoka kwa wazazi wake."

Kijitabu kilipoanza kutumika, muuguzi mmoja alituletea swali aliloulizwa na mama wa mtoto mgonjwa. Mama yule alikuwa amesomewa sentensi ya pili, akauliza: "Dada, hiyo habari mbovu kaileta nani, mimi au baba yake?" Muuguzi alishindwa kujibu, nasi hatukuwa na jibu la papo hapo. Kwa mujibu wa Kiswahili, swali lile lilikuwa sahihi kabisa. Habari huletwa na mtu, na habari ikiwa mbovu mtu hutaka kujua imetoka kinywani mwa nani. Neno lilimpeleka mama mahali ambapo mwandishi hakukusudia kumpeleka, nalo lilikuwa limepita mikononi mwetu. Tulikuwa tumetazama viambishi tukaiacha dhana.

Madhumuni ya makala haya ni kuzihakiki sentensi hizo mbili neno kwa neno, hasa maneno habari, utata na kuendelea. Tutaongozwa na kanuni moja, nayo ni kwamba istilahi ya kitu kinachopimwa yapasa ihukumiwe kwa kipimo chake. Ikiwa neno moja limefunika vipimo viwili, na kipimo kimoja huweza kupanda hali kingine kinashuka, neno hilo halijawa istilahi, hata kama linapendeza sikioni na limekwisha kuzoeleka.

2. Habari ya wahandisi

Mwaka 1948 Claude Shannon, mhandisi na mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell, alitoa nadharia ya hisabati ya mawasiliano. Shida aliyotaka kuitatua ilikuwa ya kihandisi: ni kiasi gani cha ujumbe kinachoweza kupitishwa katika njia yenye kelele bila kuharibika. Ili aipate hesabu yake, aliiweka kando maana ya ujumbe. Kwake yeye, kinachopimwa ni shaka inayomtoka mpokeaji anapoipokea ishara. Kipimio chake ni biti, jina lililopendekezwa na John Tukey. Biti moja ni shaka inayoondolewa na jibu la swali moja la ndiyo au siyo, majibu yote mawili yakiwa na uwezekano sawa. Wastani wa shaka ya chanzo kizima cha ishara aliuita entropi, kwa kuazima jina kutoka fizikia.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Watu wawili wakikutana, mmoja huuliza "Habari gani?" na mwingine hujibu "Nzuri." Hata mwenye msiba huanza kwa "njema" kabla ya kueleza yaliyomfika. Tuseme kwamba kati ya watu 100, 99 watajibu "nzuri" na mmoja atajibu "mbaya." Kwa hesabu ya Shannon, jibu la "nzuri" lina biti 0.014 tu, yaani karibu na sufuri, kwa kuwa muulizaji alilijua kabla ya kulisikia. Jibu la "mbaya" lina biti zipatazo 6.6. Hivyo basi, pale ambapo Mswahili husema amepata habari, mara nyingi kipimo cha Shannon hakioni kitu. Jambo hili latuonyesha wazi kwamba habari ya barazani na kile alichokipima Shannon ni vitu viwili.

Sarufi yetu yatupa mfano wa pili. Katika sentensi "Vitabu vyangu vile viwili vizuri vimepotea," alama ya ngeli imetajwa mara sita. Aliyekwisha kuisikia mara ya kwanza hapati jambo jipya katika zile tano zilizobaki. Hata hivyo alama hizo si bure, maana kelele ikimeza neno moja, mengine humsaidia msikilizaji kulirudisha. Sifa hii ya ujumbe kubeba alama kuliko zinazohitajika tunapendekeza iitwe uziada. Urithi wa viumbe nao una uziada wake. DNA imeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, nazo husomwa tatu tatu, kwa hiyo huweza kufanya maneno 64. Kuchagua neno moja kati ya 64 huhitaji biti 6, lakini maneno 61 miongoni mwa hayo hutaja asidi amino 20 tu, na matatu huwa alama za kukomea. Kuchagua asidi amino moja kati ya 20 huhitaji biti zipatazo 4.3. Kwa sababu hiyo kuna makosa mengi ya herufi moja ambayo hayabadilishi kitu katika protini.

Je, tuite nini kinachopimwa kwa biti? Maneno yaliyopo ni habari, taarifa, ujumbe na maarifa. Ujumbe ni kitu chenyewe kinachotumwa, si kiasi chake. Maarifa yanahitaji mwenye akili anayeyajua. Habari imefungamana mno na mletaji na kupendeza au kutopendeza kwake, kama alivyotufundisha yule mama. Taarifa ina kasoro pia, kwa sababu husikika katika ofisi kama ripoti ya mtu kwa mkubwa wake. Lakini yakubali kuambatana na hesabu bila kuleta kicheko: twaweza kusema "kiasi cha taarifa" au "biti 2 za taarifa," hali "biti 2 za habari" haisemeki kwa urahisi. Tunaonelea taarifa ndiyo inayofaa. Watakaotukumbusha kwamba kifupisho TEHAMA kimechukua habari tutawajibu kwamba hatuna nia ya kukigusa. Kifupisho hicho ni jina la fani na shughuli zake, nacho kimekwisha kuota mizizi. Sisi tunatafuta jina la kitu kinachopimwa.

3. Hesabu ya herufi na kamongo wa Ziwa Victoria

Sasa tuijaribu sentensi ya kwanza ya kijitabu, ile inayodai kwamba binadamu ndiye mwenye habari nyingi kuliko viumbe wote. Tangu mwaka 1953, James Watson na Francis Crick walipotoa umbo la DNA, imekuwa rahisi kuhesabu kiasi cha juu kabisa cha taarifa ambacho mfuatano wake unaweza kuchukua. Kuchagua herufi moja kati ya nne huhitaji maswali mawili, yaani biti 2. Jenomu ya binadamu, ambayo ni jumla ya DNA iliyomo katika seti moja ya kromosomu zake, ina jozi za herufi zipatazo bilioni 3.1. Kwa hiyo haiwezi kuchukua zaidi ya biti bilioni 6.2.

Tukikomea hapo, kitunguu maji cha jikoni kinatushinda, kwa kuwa jenomu yake ina jozi zipatazo bilioni 16. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanamjua kamongo, samaki mwenye mapafu ambaye maji yakikauka hujifukia topeni. Jenomu ya jamaa yake, aina iitwayo Protopterus annectens, ilipotolewa mwaka 2021 ilionekana kuwa na jozi zipatazo bilioni 40. Jamaa yao mwingine wa Amerika ya Kusini, Lepidosiren paradoxa, ambaye jenomu yake ilitolewa mwaka 2024, ana zipatazo bilioni 91, karibu mara 30 ya binadamu. Sehemu kubwa ya jenomu hizo ni vipande vilivyojinakili tena na tena.

Huenda mwandishi wa kijitabu akajitetea kwamba alikusudia jeni zinazotoa protini, si urefu wa DNA. Utetezi huo nao haumsaidii. Mnyoo mdogo aitwaye Caenorhabditis elegans, ambaye mfuatano wake ulitangazwa mwaka 1998, ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000, na binadamu naye anazo zipatazo 20,000. Mnyoo huyo akipevuka, ikiwa ni wa jinsi mbili, mwili wake una seli 959 tu mbali na zile za uzazi. Seli za binadamu huhesabiwa kwa matrilioni.

Hatusemi kwamba binadamu na mnyoo ni sawa. Hoja yetu ni kwamba tofauti yao haionekani katika urefu wa DNA wala katika idadi ya jeni za protini. Mwandishi aliandika "nyingi kuliko wote" bila kusema amehesabu nini, na neno habari lilimwezesha kufanya hivyo bila ya mtu kumwuliza. Istilahi nzuri ingemlazimisha aseme.

4. Utata na uchangamano

Neno la pili ni utata. Wafasiri wengi hulitumia kwa sifa ya kitu kilichoundwa na sehemu nyingi zilizofungamana. Mzizi wake ni tata, kama uzi uliojizonga. Kutokana na mzizi huo tunapata tatizo na kutatua. Kwa hiyo utata una lawama ndani yake, maana jambo tata ni jambo linalotakiwa kutatuliwa. Zaidi ya hayo, wanaisimu wamekwisha kulipa kazi maalumu. Sentensi tata ni ile yenye maana zaidi ya moja, kama "Amempigia mpira mtoto," ambayo msikilizaji hajui kama mpira ulipigwa kwa niaba ya mtoto au kuelekea kwake. Kwa upande mwingine, wanaisimu haohao huita sentensi yenye kishazi tegemezi ndani yake sentensi changamano. Yaani fani yetu wenyewe imekwisha kuzitenga dhana hizi mbili, nasi tukawaachia wanabiolojia wazichanganye. Tunaonelea kwamba sifa ya kuundwa na sehemu nyingi zenye kushirikiana iitwe uchangamano, na utata ubaki katika maana zinazogongana.

Lakini kubadilisha jina hakutoshi, kwa sababu uchangamano nao unapimwa kwa njia zaidi ya moja. Njia moja iliyo mashuhuri ilielezwa na Andrei Kolmogorov wa Urusi mwaka 1965, na Ray Solomonoff na Gregory Chaitin walifikia wazo hilo kila mmoja kwa njia yake. Kwa kipimo hiki, uchangamano wa mfuatano ni urefu wa maelekezo mafupi kabisa yanayotosha kuutoa mfuatano huo. Karani anayenakili shairi la beti 20 lenye kiitikio haandiki kiitikio mara 20. Hukiandika mara moja na kuweka alama katika kila ubeti. Mwenye kunakili orodha ya namba zilizopatikana kwa kurusha dadu hana njia ya mkato, hana budi aziandike zote.

Hapa msomaji ataona ajabu iliyomo. Kwa kipimo cha Kolmogorov, mfuatano uliopatikana kwa bahati nasibu ndio wenye uchangamano mkubwa kabisa, na kwa kipimo cha Shannon herufi zinazotokea kwa uwezekano sawa ndizo zenye entropi ya juu. Tukizichukua herufi za jeni ya himoglobini tukazivuruga kama karata, karibu kila mara tutapata mfuatano ambao vipimo hivi viwili havitauona kuwa pungufu, wala hautatengeneza himoglobini. Kiumbe angekufa, na kipimo kisingetikisika. Kipimo cha aina hii kina kazi zake, lakini tukikiita "utata wa kiumbe" bila kumpa msomaji tahadhari, tumempotosha. Ndiyo maana tunapendekeza kiitwe uchangamano wa maelezo, na kile cha kuhesabu aina za seli au sehemu za mwili kiitwe uchangamano wa muundo. Kimoja huweza kupanda na kingine kisipande.

5. Taarifa kuhusu nini?

Wanabiolojia walihitaji kipimo ambacho kingetenga mfuatano wenye kazi na mfuatano uliovurugwa. Mwaka 2003 Jack Szostak alipendekeza njia ambayo tunaonelea iitwe taarifa tendaji. Kwanza kazi yenyewe hutajwa, kwa mfano kushikamana na molekuli fulani. Halafu huulizwa: katika mifuatano yote inayowezekana, ni sehemu gani inayoiweza kazi hiyo kwa kiwango kilichowekwa? Sehemu hiyo ikiwa ndogo, taarifa tendaji ni nyingi. Miaka miwili kabla ya pendekezo hilo, Anthony Keefe na Szostak walikuwa wamechuja protini za nasibu zipatazo trilioni 6, kila moja ikiwa na sehemu ya nasibu yenye asidi amino 80, wakakadiria kwamba takriban moja katika bilioni 100 inaweza kushikamana na molekuli iitwayo ATP. Hesabu hiyo hutoa biti 36 na nusu hivi. Lakini kuutaja mfuatano mzima wa asidi amino 80 huhitaji biti zipatazo 346. Molekuli ni moja na namba ni mbili, kila namba ikijibu swali lake. Mfasiri akiziita zote "habari" bila kuzitenga, mwanafunzi hatajua aliyekosea ni nani.

Njia nyingine ilitolewa mwaka 2000 na Christoph Adami, Charles Ofria na Travis Collier. Wao huuliza mfuatano una taarifa kiasi gani kuhusu mazingira ambamo kiumbe anaishi. Kwa ufupi, huchukuliwa biti 2 za kila mahali penye herufi, kisha hutolewa entropi inayoonekana mahali hapo katika kundi zima la viumbe. Mahali ambapo herufi yoyote yafaa, viumbe watatofautiana ovyo, na taarifa itakuwa sufuri. Mahali ambapo herufi moja tu ndiyo inayomwacha kiumbe hai, wote watakuwa nayo, na taarifa itakuwa biti 2.

Kwa vipimo hivi sasa tunaweza kurudi kwa yule mama. Mwaka 1956 Vernon Ingram alionyesha kwamba himoglobini ya selimundu inatofautiana na ya kawaida mahali padogo mno. Katika DNA tofauti hiyo ni herufi moja: neno GAG limekuwa GTG, A ikiacha nafasi kwa T, na protini ikapata valini mahali pa asidi glutamiki. Tukihesabu herufi peke yake, A ilikuwa biti 2 na T ni biti 2. Hakuna kilichopungua wala kuongezeka. Ubovu ambao kijitabu kiliutaja haumo katika hesabu hiyo.

Uko wapi basi? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alitoa ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba wenye nakala moja ya jeni hiyo wana kinga dhidi ya malaria. Alikuwa ameona kwamba jeni hiyo imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba katika nyanda za juu. Mwenye nakala moja hukingwa na malaria kali. Mwenye nakala mbili hupata ugonjwa wa selimundu. Kusikokuwa na malaria, nakala ile moja haina faida hiyo. Kwa hiyo herufi ileile huwa ngao au mzigo kwa kutegemea mahali na kwa kutegemea nakala iliyo mwenzake. Taarifa haikai ndani ya herufi kama maji ndani ya mtungi. Ni uhusiano baina ya mfuatano na mazingira yake, na kwa sababu hiyo kila anayeiandika yampasa aseme ni taarifa ya nini kuhusu nini.

Uadilifu watudai tuseme pia kwamba kipimo cha Adami na wenzake, ingawa ni kizuri, hakitoshi hapa. Tuchukue kundi la watu ambamo asilimia 90 ya nakala zina A mahali hapo na asilimia 10 zina T. Entropi yake ni biti 0.47, na kwa hiyo taarifa ni biti 1.53. Katika kundi lisilo na T kabisa, taarifa ni biti 2 kamili. Yaani kipimo kinasema kwamba kundi la penye malaria limepoteza taarifa, na huku ni malaria yenyewe iliyosababisha herufi zote mbili zibaki. Mchanganyiko unaodumishwa na mazingira umehesabiwa kama ovyo. Jambo hili linatupa sababu nyingine ya kukataa neno moja kwa vipimo vyote, kwa kuwa kila kipimo kina upofu wake, na jina lake ndilo linalopaswa kumkumbusha msomaji upofu huo.

6. Kuendelea na kugeuka

Neno la mwisho ni "kuendelea." Kwetu maendeleo ni neno la heshima, lenye shule, barabara na maji safi ndani yake. Likitumiwa kwa historia ya viumbe, hubeba ahadi kwamba kila hatua ni bora kuliko iliyotangulia. Kosa hili halikuanza katika Kiswahili. Charles Darwin alipotoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi mwaka 1859, alipendelea kusema juu ya uzao unaobadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Jina la Kiingereza tulilolizoea leo halikuwamo katika toleo lile la kwanza. Lilienezwa zaidi na Herbert Spencer, aliyeliambatanisha na fikira ya kupanda kutoka hali ya chini kwenda hali ya juu.

Vipimo havikubaliani na ahadi hiyo. Mwaka 1967 Sol Spiegelman na wenzake walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa RNA ya kirusi kiitwacho Qβ. Waliiweka katika chupa yenye kila kinachohitajika ili inakiliwe, wakawa wanahamisha kiasi kidogo kutoka chupa hadi chupa, na kuipendelea ile iliyonakiliwa haraka. Baada ya mihamisho 74, RNA ilikuwa imepoteza asilimia 83 ya urefu wake. Sehemu zilizohitajika kwa kuambukiza bakteria hazikuwa na kazi tena chupani, zikaachwa. Uteuzi ulifanya kazi yake barabara, na mfuatano ukafupika.

Tusije tukaanguka upande wa pili na kudai kwamba uchangamano hauongezeki kamwe. Richard Lenski, Adami na wenzao walionyesha mwaka 2003, kwa viumbe wa programu ya kompyuta iitwayo Avida, kwamba katika makundi 50 makundi 23 yalifikia kazi ngumu kuliko zote zilizowekwa, kwa kujengea juu ya kazi nyepesi zilizotangulia. Makundi mengine 27 hayakuifikia. Neno linalofaa, basi, ni lile linaloruhusu kupanda, kushuka na kubaki. Mabadiliko ni pana mno, kwani hata hali ya hewa hubadilika. Mageuzi yamechukuliwa na siasa. Tunaonelea mageuko ndilo neno, kwa maana viumbe hugeuka, na kugeuka hakujasema ni kwenda wapi.

7. Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Taarifa: kiasi cha shaka kinachoondolewa, kipimwacho kwa biti, daima itajwe ni ya nini kuhusu nini.
Entropi: wastani wa shaka ya chanzo cha ishara au ya mahali katika mfuatano.
Uziada: kiasi cha alama kinachozidi zile zinazohitajika ili ujumbe ueleweke.
Taarifa tendaji: kipimo cha uchache wa mifuatano inayoiweza kazi iliyotajwa.
Uchangamano wa maelezo: urefu wa maelekezo mafupi kabisa yanayoutoa mfuatano.
Uchangamano wa muundo: idadi na aina za sehemu za kiumbe pamoja na uhusiano wake.
Mageuko: kubadilika kwa urithi wa viumbe kizazi baada ya kizazi, bila kudokeza ubora.

Kwa istilahi hizi, sentensi ya kwanza ya kijitabu ingeandikwa hivi: "Katika mageuko, uchangamano wa muundo umeongezeka katika baadhi ya nasaba na kupungua katika nyingine, urefu wa DNA peke yake hauonyeshi jambo hilo." Sentensi ya pili ingeandikwa hivi: "Mtoto mwenye selimundu amepata kwa kila mzazi nakala ya jeni yenye badiliko la herufi moja. Mwenye nakala moja hukingwa na malaria kali. Mwenye nakala mbili huugua."

Na yule mama angejibiwa: "Hakuna aliyeleta habari, mama. Wewe na baba yake kila mmoja ana nakala moja, na nakala hiyo inakinga dhidi ya malaria kali. Mtoto huyu amepata zote mbili. Kila mnapopata mimba, nafasi ya jambo hili kutokea ni moja katika nne." Jibu hili ni refu kuliko maneno mawili, "habari mbovu," na muuguzi aliyechoka atatamani lililo fupi. Lakini halimtafuti wa kulaumiwa, na linampa mama jambo la kuamua.

Mswada wa toleo la pili la kijitabu umekwisha kutufikia. Safari hii, kabla ya kushika kalamu nyekundu kwa ajili ya ngeli, tumeamua kuuliza swali moja mbele ya kila nomino ya kisayansi: kitu hiki kinapimwa kwa nini? Tunawaomba walimu, wauguzi na wanabiolojia wanaosoma kurasa hizi watuletee maoni yao juu ya istilahi tulizozipendekeza, hasa pale ambapo neno tulilolichagua linamfanya msikilizaji auze swali tusilolitarajia.